Kompyuta Zote za Kilombero Zimekufa

Mchombe,
22 Septemba 1996

Kaka yangu Maximilian,

Shikamoo kaka. Natumaini uko salama pamoja na shemeji Gladness na watoto, na kwamba baridi ya Mbeya imewahurumia mwaka huu. Kile kikohozi cha shemeji kilipona? Na gari lako, bado linasukumwa asubuhi? Sisi huku hatujambo. Mpunga ulishaingia ndani tangu Julai, nguruwe pori walikula ile kona ya mtoni kama wanavyokula kila mwaka, na yule Padre uliyempenda kwa mahubiri mafupi amehamishiwa Mahenge. Aliyekuja badala yake anahubiri mpaka watoto wanalala.

Salamu zako za rambirambi zilitufikia. Nilizisoma mimi mwenyewe mbele ya ukoo, kwa sauti, hata pale uliposema kwamba ofisi yenu ilikuwa inafunga hesabu na mkubwa wako alikukatalia ruhusa. Watu walikuhurumia sana. Shangazi Theodosia alisema maskini Maxi, ajira za watu zinanyima mtu hata kumzika baba yake. Mimi nikasema ndiyo shangazi, ajira ni kitu kigumu. Basi kwa kuwa hukuwepo, ni haki yako usimuliwe msiba wa baba yako ulivyokwenda. Nitaanza mbali kidogo. Unanijua nikianza kusema.

Unakumbuka mama alipopatwa na kiharusi mimi nilikuwa Dar, ndiyo kwanza nimemaliza kozi yangu ya kutunga programu za kompyuta. Wewe ndiye uliyenitaka nirudi Mchombe nimsaidie Baba kumnyanyua na kumgeuza, ukasema ni kwa muda mfupi tu. Nikakuuliza kazi nitapata wapi huku mpungani. Ukanijibu kwamba kampuni kubwa zinataka digrii na mimi nina cheti, kwa hiyo mtu kama mimi atafute kampuni ndogo, na kampuni ndogo ziko hata Kilombero. Ulisema kweli tupu, kaka. Ziko, nami nilizipata.

Ila kampuni ndogo haitangazi kazi. Haina ofisi ya utumishi wala binti wa kupokea bahasha. Kuna tajiri, kuna karani mmoja aliyechoka, na kuna kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ambayo tajiri aliinunua Dar kwa sababu alimwona mwenzake nayo. Ukimwendea ukamwambia wewe ni mtunga programu, anakuuliza kama unaweza pia kutengeneza jenereta. Nilijifunza hilo mapema. Kwa hiyo mimi sikuomba kazi, nilikwenda kukaa. Nilikuwa nakaa juu ya gunia karibu na mzani kutwa nzima, naangalia shughuli inavyokwenda na ni wapi watu wanagombana. Halafu nakwenda parokiani Ifakara, ambako Padre wa kule aliniruhusu kutumia kompyuta yao saa za kazi zikiisha, natunga programu ya kuumaliza ule ugomvi, naitia kwenye flopi, namrudishia tajiri. Namwonyesha biashara yake mwenyewe kwenye kioo. We acha tu, nimeona watu wazima wakishika vichwa.

Wa kwanza alikuwa Bwana Tadei Gama, yule Mngoni mwenye kinu cha kukoboa mpunga pale Ifakara. Kwake ugomvi ulikuwa magunia. Wakulima wanashusha, wanasubiri zamu, na aliyeleta mpunga wa supa, ule wa kunukia, anaondoka na mchele wa jirani yake uliojaa vijiwe. Ngumi zilikuwa zinapigwa pale. Nikamtungia programu ambayo karani akiandika tu jina la mtu, inamwonyesha magunia yake yako safu gani na nani yuko mbele yake. Bwana Gama aliitazama, akamwita karani, akaita na wapagazi waje kuitazama. Akaniambia mwaka mpya ukiingia nianze kazi, na nyuma ya kinu kuna vyumba viwili ninaweza kukaa.

Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi, na wewe ulikuwa hapa nyumbani kwa sikukuu. Nilifika nimepanda lori la mbao, nimejaa vumbi mpaka kope, nikawaeleza wote barazani. Nilisema nitahamia Ifakara na mama, chumba kimoja changu kimoja chake, kule kuna hospitali na watu wa kumnyoosha ule mguu, na Baba atakuwa anakuja Jumamosi. Mama alicheka kwa ule upande wa uso unaocheka. Baba alitokwa machozi nikadhani ni furaha. Wewe ulinipa mkono, kaka. Uliniambia hongera mdogo wangu, umetutoa aibu. Kesho yake ukasema unampeleka Baba Ifakara akaonwe macho.

Mwaka mpya ulipoingia nikapiga pasi shati, nikaenda. Bwana Gama hakuniangalia usoni. Akasema kompyuta imekufa.

Nikamwambia nitaitazama. Akasema hapana, imekufa kabisa, imezikwa. Nikasema basi nitasubiri anunue nyingine. Hapo akabadilika, akaanza utani. Si unajua sisi Wapogoro na Wangoni tulivyo: mtani akikutukana unacheka, ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa na watu watakushangaa. Akaita wapagazi wake, akasema mtazameni huyu Mpogoro, hawa watu wanakula watoto wao wenyewe, huyu kaliwa na baba yake na mimi ndiye niliyeshika sahani. Akasema nikamwulize Baba kwa nini ninanyimwa kazi. Wapagazi wakacheka na mimi nikacheka. Nikamjibu kwamba Wangoni ndio waliokula babu zetu, wasitusingizie. Tukacheka tena wote, akanipa mchele wa kwenda nao nyumbani.

Nilipofika nilimsimulia Baba ule utani, neno kwa neno. Naye akacheka. Ila wali hakumaliza, akasema meno yanamsumbua.

Nikapiga moyo konde. Nikaenda Kidatu kwa mtu mmoja mwenye malori ya kubeba miwa, mkandarasi mdogo tu, malori matano na kibanda cha mabati. Huko ugomvi ulikuwa safari za madereva, nani kapeleka miwa na nani kalala njiani akauza dizeli. Nikakaa, nikatunga, nikaonyesha. Akafurahi kuliko hata Bwana Gama. Nikarudi nyumbani nikasema nimepata. Wiki ileile Baba akasema macho yanamzidi, akapanda gari. Niliporudi Kidatu, yule mkandarasi akaniambia, akiwa anachokonoa meno, kwamba kompyuta yake imekufa. Nikaenda Kiberege kwa wale jamaa wa mbegu za mpunga, ofisi ya watu watatu. Ilikwenda vilevile, hata macho ya Baba yalikuja kusumbua kwa wakati wake. Kompyuta ikafa.

Nikaanza kujiona mimi ndiye mkosi. Usicheke, kaka. Nilidhani ni unyevu wa bonde letu, nikadhani ni panya, nikadhani zile flopi zangu zina ugonjwa ninaoueneza. Nilimwomba Padre wa Ifakara asiniruhusu tena kugusa kompyuta ya parokia nisije nikaiua. Nilipokuwa simgeuzi mama, nilikuwa nalala nimeukabili ukuta. Na Baba akawa ananifariji! Ananiletea chai. Ananiambia kwamba kazi itakuja na kwamba Mungu hamsahau mtu anayemtunza mama yake. Nilikuwa nambusu mkono, mjinga mimi.

Sasa tufike msibani. Baba alianguka akitoka Misa, mwishoni mwa Agosti, hakusema neno, na jua la saa sita halijafika alikuwa amekwisha. Wakati wa kumwosha nilimwangalia yale macho kabla hayajafungwa. Hayakuwa na mtoto wa jicho wala wekundu. Nikashangaa kidogo halafu nikasahau, kwa sababu mambo yalikuwa mengi.

Watani walikuja kama inavyopasa, lori zima kutoka Ifakara, Bwana Gama mbele. Walichimba kaburi, walichota maji, walipika, na walitutesa kama watani wanavyotesa. Waliiba jogoo wakamla. Mmoja alilala mlangoni, jeneza lisipite. Shangazi Theodosia alikuwa analia huku anacheka, na hiyo ndiyo kazi yao. Halafu Bwana Gama akaingia ndani akatoka amevaa koti la Baba na ile kofia yake ya pama, anaburuta mguu wa kulia vilevile. Watu wakaanguka kwa kicheko. Nakuambia alikuwa Baba mtupu, hata kile kikohozi chake kabla ya kusema.

Mngoni mwingine akakaa kwenye kinu cha kutwangia akajifanya ndiye Bwana Gama, tajiri. Yule Baba wa kuigiza akamwendea, akavua kofia, akapiga magoti mavumbini. Akasema nakuomba mwanangu, nitakapokufa utakuja kunizika, basi nizike na heshima yangu, usimpe kijana wangu kazi. Ukimpa kazi, mke wangu atageuzwa na nani? Yule tajiri akauliza, sasa nimwambie nini na amenitungia kitu kizuri hivi? Baba wa kuigiza akafikiri, akakohoa, akasema mwambie kompyuta imekufa. Halafu akageuka kwetu, akasema ngoja niwahi Kidatu na Kiberege nikaziue na zile nyingine, maana macho yangu yananiuma kweli leo.

Msiba mzima ulicheka. Hata katekista alicheka. Na mimi nilicheka, kaka, mdomo ulikuwa wazi tayari, hiyo ndiyo desturi. Ulibaki wazi. Kidatu na Kiberege Bwana Gama alizijuaje? Sikuwahi kumwambia kwamba nilikwenda huko, wala kwamba huko nako kompyuta zilikufa. Nilikaa chini palepale karibu na jeneza. Watu walisema uchungu wa baba umenishika, wakanipepea kwa kanga.

Siku ya tatu Bwana Gama alikuja peke yake. Nilimpeleka nyuma ya ghala, nikamwambia leo sitaki utani. Akavua kofia. Kwanza alishangaa, akasema alidhani muda wote huo nilijua, maana alinieleza kwa mdomo wake nami nikacheka. Nikamwambia wewe ni mtani wangu, ulitaka nifanye nini kama si kucheka? Akasema ni kweli, na kwamba jambo lile lilikuwa limemkaa kifuani, na msibani ndipo mahali pekee mtani anaruhusiwa kusema chochote bila kugombana na mtu, basi akalisema. Akasema baada ya kuja kwake Baba aliendelea mwenyewe kwa wale wengine, na kila akipita Ifakara alikuwa akiingia kunywa maji kwake na kumweleza, akiwa na haya kama mwizi.

Nikamwuliza Baba alianzaje wazo kama hilo. Bwana Gama akasema Baba hakuanza. Alisema siku ile ya kwanza walipofika kinuni, Baba mwanzoni hakufungua kinywa, alikuwa anazungusha kofia tu mikononi. Aliyesema yote alikuwa yule kijana wake mkubwa aliyekuja naye, mwenye suti ya rangi ya kahawia.

Ile suti imekupendeza siku zote, kaka.

Ulimwambia Bwana Gama kwamba vijana wa kompyuta hawatulii, leo Ifakara kesho Dar, na siku nitakayoondoka mama ataletwa kwako. Ukasema mkeo hawezi harufu ya mgonjwa. Ukasema nyumba yako si wodi. Bwana Gama aliyarudia hayo maneno polepole, akiniomba samahani kwa kuyarudia. Alisema Baba aliposikia lile la wodi aliangalia sakafu, na ndipo naye akaomba. Alimwombea mkewe asikose mtu wa kumgeuza, mimi Baba namwelewa. Namchukia na ninamwelewa. Wewe ulinipa mkono barazani, na baada ya usiku mmoja tu ukaenda kuninyonga.

Mwaka huu wote nimejiona takataka. Nilifikia hatua ya kwenda kuangalia reli pale Mngeta, kaka, na si kwa ajili ya kusafiri. Sikuliandika hili ili unihurumie. Huruma yako kaa nayo, itakufaa wiki hii.

Bwana Gama amenipa kazi. Nimeanza Jumatatu iliyopita, kompyuta imefufuka na inafanya kazi vizuri sana, na barua hii tu ndiyo nimerudi kuiandikia nyumbani. Vyumba viwili vya nyuma ya kinu bado vipo. Bwana Gama alisema, bila mimi kumwuliza, nimlete mama, na mkewe atamsaidia kumwogesha. Nataka ulijue hilo vizuri, usije ukajifariji kwamba nimeelemewa. Sijaelemewa. Nafasi ipo, mtu wa kumwogesha yupo, na mshahara unatosha. Nilimshukuru Bwana Gama, nikakataa.

Nilimwambia mama kwamba wewe umemwita. Nilikaa kitandani kwake, nikamshika ule mkono mzima, nikasema kaka Maximilian tangu Baba afariki hapati usingizi, anasema hataki mama yake akae tena mbali naye hata siku moja, amemwandalia chumba chenye dirisha na shemeji ameshona mapazia. Unajua maneno yake hayatoki vizuri siku hizi. Alirudia neno moja tu, Maxi, Maxi, mpaka mate yakamtoka. Jioni akataka asukwe. Majirani waliokuja kumwona wote wameonyeshwa kwa kidole upande wa Mbeya. Amegawa vyungu vyake. Lile gauni la Pasaka amelivaa siku mbili kabla ya safari, akakataa kuvuliwa. Huo ni uongo wangu, nimeutunga mimi peke yangu, na nimeutunga vizuri kuliko programu zote nilizowahi kutunga. Wa kuuharibu ni wewe tu, ukipenda.

Kwa hiyo nisikilize. Mguu na mkono wa kushoto ndiyo iliyokufa, asivutwe upande huo. Ageuzwe mara kwa mara, mchana na usiku, la sivyo mgongo unatoka vidonda, na vidonda vyake ndivyo vyenye ile harufu. Uji usiwe wa moto, upande mmoja wa mdomo hausikii, ataungua bila kujua. Taa asizimiwe. Oliva, binti wa shangazi, ndiye aliyemsindikiza kwenye treni na kukukabidhi barua hii. Nimemkataza kulala kwako hata usiku mmoja. Kazi yake imeishia mlangoni, anarudi na treni ya kesho, na nyumba ya Mchombe nimeshampa yeye na mumewe, hakuna tena kitanda cha mama huku. Wala usimtume mama nyuma yangu Ifakara. Ukimrudisha, nitamweleza mama kwa nini kwako si wodi, mbele ya kila mtu aliyeonyeshwa kidole.

Nafika mwisho. Nisalimie shemeji Gladness, mwambie kazi njema. Nisalimie watoto, sasa wana bibi wa kuchezea. Bwana Gama anakusalimu, amesema ile suti uitunze. Shangazi Theodosia naye anakusalimu na kukuombea, anasema umekuwa mtoto mwema kuliko sisi sote.

Hapa siku zote huwa naandika kwamba mama anakusalimu. Leo mwamkie mwenyewe, yuko mbele yako. Hajui kusoma, nimemwambia humu mna maneno matamu matupu, na tangu uanze kusoma hajaondoa macho usoni pako. Cheka, kaka.

Mimi mdogo wako,
Teofili